Grameen wa hapa Charlotte, ni wa kweli?

Shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Tupo akina mama kumi na wawili, tunacheza upatu tangu mwaka juzi. Niliomba mkopo benki ninunue friza la sambusa, wakaninyima kwa sababu sina rekodi ya mikopo nchi hii. Jirani ananiambia Grameen wanakopesha wanawake bila dhamana. Sasa benki ya wanakijiji wa Bangladesh inatafuta nini Marekani? Naogopa kuingizwa mjini.

---

Marahaba mdogo wangu. Ni wa kweli, mimi nilijiunga nao Queens, New York.

Profesa Muhammad Yunus alianza kukopesha kijijini Jobra mwaka 1976, na benki ikaanzishwa rasmi 1983. Grameen America, shirika lisilo la faida, lilifungua milango Jackson Heights, huko huko Queens, mwaka 2008. Kilichowaleta ni hicho hicho kilichokukuta: asiye na rekodi hapa benki haimtazami, anaishia kwa wakopeshaji wenye riba ya kukaba roho.

Walijua cha kubeba na cha kuacha. Walibeba kundi la wanawake watano wanaoaminiana na kikao cha kila wiki. Bangladesh, benki yenyewe hupokea akiba za wanachama; hapa si benki, kwa hiyo unafungua akaunti ya akiba kwenye benki ya kawaida. Halafu wakaongeza jambo kubwa: marejesho yako yanaripotiwa kwa kampuni zinazotunza rekodi za mikopo. Upatu wetu hauonekani huko hata ucheze miaka ishirini. Liliniuma sana nilipolielewa, maana nilicheza miaka sita bila kukosa hata mchezo mmoja, na bado mwenye nyumba alinikataa.

Mkopo wangu wa kwanza ulikuwa dola 1,500, nikarejesha kila wiki kwa miezi sita. Ni wa biashara tu, usiupeleke kwenye kodi ya nyumba. Riba ipo, iulize kabla hujasaini. Na msivunje upatu! Siku friza likiharibika katikati ya mwezi, ndio utakaokuokoa.

---

Asante sana dada. Wanne tayari tupo. Wa tano ni Mkongo mmoja ninayefanya naye kazi, ana cherehani mbili na wateja wa kutosha. Jumamosi kwenye mchezo nitamuuliza.