Ukurasa wa kuwaonyesha wazazi kazi za wanafunzi

Swali: Walimu wenzangu, ninaandaa ukurasa wa picha za kazi za gredi ya 3, vikiwamo vikapu vya ukili na magari ya waya, lakini wazazi wengi hununua bando dogo. Nifanyeje?

Jibu la 1: Punguza kila picha hadi kilobaiti 100 hivi, ile kubwa ifunguke mzazi anapoigusa tu.

Jibu la 2: Mimi ningeanza na ridhaa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Futa pia taarifa za mahali picha ilipopigwa, maana simu huweza kuzihifadhi ndani ya faili.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe hata nembo kwenye sweta humtambulisha mtoto! Nitapiga picha mikono na kazi tu.