Mjadala: Je, koleriki asioane na koleriki? Haiba nne za Wagiriki zisiamue ndoa na ajira

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Kwenye semina za ndoa makanisani, na siku hizi hata kwenye usaili wa kazi, mtu anapewa karatasi, anaweka tiki kwenye maneno yanayomfaa, anajumlisha, kisha anaambiwa yeye ni sangwini (mchangamfu), koleriki (jasiri, mwenye kutawala), melankoli (makini, mwenye kufikiri sana) au flegmatiki (mtulivu). Binti mmoja wa ukoo wetu aliambiwa na kamati ya ndoa asubiri kwanza, kwa sababu yeye na mchumba wake wote wametoka koleriki, na mafahari wawili hawakai zizi moja. Karatasi yake niliishika. Kila mstari una maneno manne, mfano "mchangamfu, jasiri, makini, mtulivu", unachagua moja. Kati ya koleriki yake na melankoli palikuwa na tofauti ya tiki mbili. Tiki mbili ndizo zilizomsimamisha mtu kuolewa!

Msimamo wangu: karatasi hii isiamue ndoa wala ajira ya mtu yeyote. Na ushahidi wangu wa kwanza ni Wagiriki wenyewe.

Katika maandiko ya wafuasi wa Hippocrates wa kisiwa cha Kos, takriban miaka 2,400 iliyopita, mwili unaelezwa kuwa na majimaji manne: damu, belghamu (makohozi), nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Majina ya haiba zetu yanatokana nayo: sangwini ni wa damu, flegmatiki wa belghamu, koleriki wa nyongo ya manjano, melankoli wa nyongo nyeusi. Yakiwa sawia, mtu ana afya. Mojawapo likizidi, anaugua. Tena hayakutulia mahali pamoja: belghamu ilipanda majira ya baridi, nyongo ya manjano majira ya joto. Ilikuwa elimu ya tiba.

Akaja tabibu Galen wa Pergamon, karne ya 2 baada ya Kristo, akaandika kitabu kizima kuhusu mchanganyiko wa mwili. Huyu ndiye anayetajwa sana kwenye semina, lakini hakuishia kwenye aina nne. Alihesabu tisa: nne za sifa moja moja (joto, baridi, ukavu, unyevu), nne za sifa mbili mbili, na ya tisa ni ile iliyosawazika, ambayo ndiyo aliyoiona bora. Kwake mtoto ana joto na unyevu, mzee ana ubaridi na ukavu, na chakula, mahali na majira vyote vinambadilisha mtu. Tabibu alipima ili arekebishe. Sisi tumetupa mabadiliko yote, tukabaki na majina, tukambandika mtu maisha.

Makanisani haya yameenea sana kupitia mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu haiba mwaka 1966, naye alichota kwa mwanateolojia wa Norwe, Ole Hallesby. Hayamo katika Biblia. Nalisema hili kwa sababu nimesikia yakifundishwa kama maandiko.

Mshauri wa ndoa

Ndugu mleta mada, nakuheshimu, ila unaitazama karatasi ukiwa mbali na watu. Mimi nakaa nao. Mume anarudi kazini, haongei, mke ameshaamini kwamba anadharauliwa. Ukimwambia "huyu ni flegmatiki, ukimya wake si dharau", unaona kabisa mabega ya yule mama yanashuka. Wanaanza kuzungumza. Hayo yalishindikana miaka mingi, jina moja limeyafungua.

Na elimu iliyodumu hivi si ya kubeza. Ilipitia kwa Ibn Sina, yule tabibu mkubwa wa Kiislamu, ikafika hadi Pwani yetu, ambako mpaka leo wazee wanazungumzia mwili wa joto na mwili wa baridi, na vyakula vya kuusawazisha. Mkiitupa karatasi, mnatupa nini mikononi mwetu badala yake?

Mwalimu wa saikolojia

Kudumu si ushahidi, mama mshauri. Kumtoa mgonjwa damu nako kulidumu, na George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alitolewa damu nyingi sana siku aliyofariki, Desemba 1799.

Lakini Wagiriki waliona kitu. Mwanasaikolojia Hans Eysenck, katika karne ya 20, alionyesha kwamba zile haiba nne zinakaa kwenye pembe za vipimo viwili: mtu anavyojitokeza kwa watu, na wepesi wake wa kufadhaika. Shida ni kwamba wengi wetu hatukai pembeni, tupo katikati. Ni kama urefu: hakuna mstari ambapo wafupi wanaisha na warefu wanaanza.

Kipimo kingine cha haiba, kile cha Myers-Briggs chenye aina 16, kina tatizo lile lile. Kilitungwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel kwa kufuata kitabu cha daktari wa akili Carl Jung cha mwaka 1921, na mama na binti hao hakuna aliyesomea saikolojia. Watu wengi wakirudia baada ya wiki chache wanapata aina nyingine. Wasimamizi wa kipimo hicho wenyewe wanasema kisitumike kuchuja waombaji kazi.

Kwa nini basi kila mtu anasema "hapo umenipata"? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa maneno yale yale, mengi yakitoka kwenye kitabu cha nyota. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5.

Mleta mada

Mama mshauri, yule mke na mume wake sina ugomvi nao. Jina likiwafungua midomo, walitumie. Ila hapo wewe ulikuwa unapatanisha watu waliokwisha kuoana. Kamati ilikuwa inazuia watu wasioane. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Umeuliza tutumie nini badala yake. Kamati iwaulize wachumba mambo yanayoonekana: mligombana lini mara ya mwisho, nani alitangulia kuomba radhi, mshahara mtaugawaje, wazazi wa pande zote mtawasaidiaje. Koleriki wawili wanaojua kuombana radhi wataishi.

Nami nakuuliza, na naomba washauri wengine mliomo humu mjibu pia: kwenu, karatasi ikishajazwa inabaki na nani, wachumba au kamati?