Mashirika ya ndege na siti hewa za "washirika": huu ni utapeli wa kistaarabu

Wakuu, hili la pointi za ndege (zile unazokusanya kwa kuruka au kwa kadi ya benki, kisha unalipia siti) limevuka mpaka.

Matangazo yanaimba wimbo mmoja: pointi zako zinatumika kwa washirika wote. Star Alliance, oneworld, SkyTeam, jichagulie umoja wa mashirika unaoutaka. Uongo wa mchana kweupe! Shirika lenye ndege ndilo linaloamua litoe siti ngapi kwa wenzake, na siti hizo zina herufi zake kwenye mfumo. Kwa Star Alliance kawaida ni X daraja la uchumi, I la biashara, O la kwanza. Ndege inaweza kuwa na siti 40 za kuuzwa kwa fedha huku X ikisoma sifuri. Hapo mpigie simu wakala mpaka sauti ikauke, hana cha kukufungulia. Na kuna siti za pointi ambazo mashirika huwaachia wanachama wao tu. Singapore Airlines inajulikana miaka mingi kwa kubania washirika daraja la biashara la safari zake ndefu.

Kibaya zaidi ni siti hewa. Tovuti inaonyesha ipo, ukifika kulipa inagoma, maana inasoma taarifa za zamani ambazo mwenye ndege keshazibadilisha. Wakati huo mtu keshahamisha pointi kutoka kadi ya benki, na hizo zikihama ndiyo zimehama, hazirudi.

Kwa hiyo msihamishe hata moja kwanza. Itafute siti hiyohiyo kwenye tovuti ya mshirika mwingine wa umoja uleule. Ikionekana kote, piga simu kwenye mpango wako wa pointi, taja tarehe, daraja na namba ya ndege ya shirika linalorusha. Msitaje ile namba ya shirika lililobandika jina tu, ndege moja huuzwa kwa namba hata tatu. Mwambie wakala ajaribu kuiweka. Mipango mingine hukubali kuishikilia kwa muda, ulizeni.

Halafu tozo ya mafuta, ile inayoandikwa kwa herufi YQ au YR kwenye mchanganuo wa bei. Siti moja, ndege moja, mpango huu unakubebesha yote, ule haukutozi hata senti. Si kodi ya serikali, ila wanaichomeka kwenye "kodi na ada" usihoji.

Ukishakata, dai vitu viwili: namba ya booking ya mwenye ndege (herufi au mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla sita) na namba ya tiketi yenye tarakimu 13, tatu za mwanzo zikitambulisha shirika lililoitoa. Booking isiyo na tiketi hufutwa kimyakimya. Ratiba ikibadilika, mwenye ndege atakwambia nenda kwa aliyetoa tiketi, na huyo atakwambia subiri mwenye ndege aachie siti. Danadana mpaka siku ya safari.

Mnaojua mipango inayoshikilia siti kabla pointi hazijaingia, itajeni hapa chini, na muda inaoshikilia.