Mjadala: Je, kiinitete cha samaki kinatosha kuamua kemikali ipi ni salama kwa mimba?

Ndugu wachangiaji, watetezi wa kipimo hiki, yaani kuyaweka mayai ya samaki ndani ya kemikali ili kuona kama kiinitete, kiumbe kinachoanza kuumbika ndani yake, kitaharibika, hupenda kutukumbusha thalidomidi, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni humo mwaka 1961, ambayo inakadiriwa kuwa watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na ulemavu kwa sababu yake. Panya hawakufichua hatari hiyo ipasavyo, ilhali mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kwamba dawa hiyohiyo hudumaza mapezi ya zebrafishi, samaki mdogo mwenye milia anayetumika sana maabara.

Mfano huo ni wa kweli, lakini hautajwi wote. Watafiti hao waliyavua kwanza mayai ganda lake la nje, kwa kuwa ganda hilo huweza kuizuia dawa isipenye. Maabara inayoyaacha mayai na ganda lake yaweza basi kutangaza kwamba kemikali haina madhara, kumbe haikumfikia kiumbe aliyemo ndani. Tena samaki hana kondo la nyuma, na ini lake changa halibadilishi kila kemikali kama lifanyavyo ini la mama mjamzito.

Hata hivyo, sioni sababu ya kukiacha kipimo chenyewe. Yai la samaki huyu ni angavu: siku ya pili tu, mtazamaji mwenye hadubini huuona moyo ukidunda, na uti wa mgongo ukipinda atauona papo hapo, bila kumpasua sungura mwenye mimba. Wapo wanaosema kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010, inayoanza kumlinda samaki pale tu anapoweza kujilisha, yaani takribani siku ya tano, ni mwanya wa kukwepa maadili. Kwangu mimi huo ni mpaka wa haki, kwani lazima uwekwe mahali fulani.

Msimamo wangu ni huu: kiinitete kikiharibika, hiyo ni sababu tosha ya kuisimamisha kemikali ichunguzwe zaidi, kisipoharibika, isiitwe salama mpaka maabara ipime na kueleza ni kiasi gani kiliingia mwilini mwake. Anayeona kwamba sharti hilo litaondoa wepesi na unafuu wa gharama uliokifanya kipimo hiki kipendwe, naomba aeleze ni ushahidi gani mwingine angeuweka mbele ya mama mjamzito.