Ushauri: Desemba naenda Rombo wiki tatu, nifanyeje nisirudi na kitambi na pumzi imekata?

Mtoto wa Useri (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Katikati ya Desemba napanda basi Dar kwenda Rombo, Kilimanjaro, kwa wazee, nakaa wiki tatu. Umri 43, kazi ya kukaa ofisini. Kwa kawaida nakimbia kilomita 5 mara tatu kwa wiki, gym mara mbili. Presha natumia dawa na imetulia.

Ratiba ya kule inajulikana: kipaimara mbili, harusi moja, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) ya Krismasi na wageni kila siku. Gym hakuna, na ukitoka getini ni mlima au mteremko, tambarare hamna. Siendi kujinyima, ndugu wengine tunaonana mara moja kwa mwaka. Nataka tu Januari pumzi iwepo, suruali zifunge na presha ibaki ilipo. Nianzie wapi? Wale wa "jizuie tu mkuu" wapite kushoto.

Kocha wa Jioni

Mkuu, kwanza iache ratiba ya Dar hukohuko Dar. Ukiibeba utaikosa siku ya pili, na ukishaikosa utaacha yote. Kutunza ulichonacho kunadai kazi ndogo kuliko kukijenga. Kwa wiki tatu, mazoezi ya pumzi mara mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 25, na ya nguvu mara moja au mbili, yanakutosha. Sharti ni moja: ukali usishuke. Punguza siku, punguza dakika, ila pawepo na muda unahema kiasi kwamba sentensi haimaliziki. Wengi hugeuza: wanatembea polepole kila asubuhi, wanaona wamefanya mazoezi, halafu Januari kilomita 5 inawatoa roho.

Mlima unao mlangoni, utumie. Tafuta kipande cha mita 100 hadi 150 chenye mwinuko wa wastani, siyo pale ambapo bodaboda inaingiza gia ya kwanza. Tembea haraka dakika 8 upashe misuli. Panda kwa mbio sekunde 40, shuka ukitembea, ukifika chini subiri mpaka uweze kuongea vizuri, panda tena. Wiki ya kwanza mara 5, ya pili mara 7, ya tatu mara 8. Malizia kwa kutembea dakika 5. Saa ya mkononi isikusumbue kuhusu kasi. Ukanda wa juu wa Rombo uko mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na wewe unatoka Dar ambako ni sifuri. Siku za mwanzo utahema zaidi kwa kasi ileile, ni kawaida.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wa Dar wanapoharibikiwa: kinachoumiza ni kushuka, siyo kupanda. Ukishuka mbio, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku ikivutika, na hiyo ndiyo inayoichanachana. Maumivu hayaji siku hiyohiyo, yanakuja kesho yake na kufika kileleni siku ya pili au ya tatu. Mtu anashuka kilomita 4 kwa raha siku ya kwanza, siku ya tatu anashuka ngazi kinyumenyume, na likizo ya mazoezi imeishia hapo. Dawa yake ni kuizoesha misuli kwa dozi ndogo: siku ya kwanza au ya pili, shuka kwa kukimbia taratibu dakika 5 tu, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo. Kisha pumzika siku mbili. Ukirudia baada ya hapo maumivu yatakuwa madogo sana.

bandiko_fupi

Nafuatilia. Mimi naenda Kibosho, ugonjwa wetu mmoja.

Mzani Hauongopi

Jipime kila asubuhi, mkuu. Ukiona kilo imeongezeka, siku hiyo kula mara moja. Hesabu ni rahisi.

Sahani Nusu

Mzani Hauongopi, kwenye likizo mzani unaongopa kuliko wote. Mwili unapohifadhi wanga kwenye misuli na ini, kila gramu moja inashikilia karibu gramu tatu za maji. Ongeza chumvi ya supu na nyama choma, asubuhi mtu anaona kilo mbili zimepanda. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni karibu kalori 7,700 za ziada, hakuna anayekula hizo usiku mmoja. Akishtuka akashinda njaa, jioni anafika kwenye kipaimara na tumbo tupu na kumaliza sinia. Tumia futi ya fundi cherehani usawa wa kitovu, asubuhi, mara moja kwa wiki. Inatosha.

Mleta uzi, kwenye chakula ushauri wangu ni uanzie kwenye glasi kabla ya sahani. Sherehe za Uchagani chakula chake si kibaya kihivyo. Mtori ni ndizi na nyama, unashibisha. Kiburu ni ndizi na maharage. Ng'ande vilevile ni mahindi na maharage. Kinachomwaga kalori bila kushibisha ni vinywaji. Chupa ya bia ya mililita 500 ina kalori kama 200. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, yaani vijiko vya chai 9. Bia nne na soda mbili ni zaidi ya kalori 1,000 na bado njaa ipo palepale, tena pombe inafungua hamu ya nyama.

Mbege nayo ina mambo yake. Anayekwambia mbege ni chakula hajakosea, na shida ndiyo hiyohiyo: ndani kuna ndizi zilizopikwa na ulezi ulioota, kwa hiyo unakunywa pombe na uji kwa pamoja. Kileo chake hakitabiriki kama cha chupa, kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kuwa kali. Ukipewa kata (kibuyu cha kunywea), pokea, kunywa mafunda mawili, mpitishie wa pembeni. Hakuna mzee atakayelalamika, kata imetengenezwa kuzunguka. Anayesemwa ni mtu aliyekataa kuishika.

Sahani: chukua mboga kwanza. Wengi wanaanza na nyama na ndizi, wakifika kwenye mnafu au kabichi hakuna nafasi, na siku ya tatu choo kinakuwa kigumu. Jaza nusu ya sahani kwa mboga na kachumbari, robo nyama, robo ndizi au wali. Asubuhi kula papai au parachichi, huko vyote vipo shambani. Ndafu nayo, chukua minofu, ngozi iliyokaangika onja vipande viwili. Chumvi ya pembeni usiiguse kabisa, wewe ni mtu wa presha.

Nesi wa Zamu

Naongezea upande wa afya maana naona mmeuruka.

Basi. Safari ya kukaa zaidi ya saa nne huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na hiyo yako ni ya kutwa nzima. Kila nusu saa nyanyua visigino mara 20, kisha vidole mara 20, ukiwa umekaa. Begi usiliweke chini ya miguu, linakunyima nafasi. Basi likisimama Korogwe au Mombo, kula kidogo na tembea dakika zote zilizobaki, na wakisimama kuchimba dawa shuka hata kama huna haja. Kuna watu hawanywi maji wala dawa ya presha siku ya safari kwa kuogopa mkojo. Kama dawa yako ni ile ya kukojoza, muulize mfamasia kabla ya kusafiri kama siku hiyo unaweza kusogeza saa ya kuimeza. Kuiruka hapana. Beba dozi ya wiki nne kwa safari ya wiki tatu, na iwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti.

Maumivu ya mapaja aliyoyataja Kocha: usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni. Zinapandisha presha, na zikichanganyika na baadhi ya dawa za presha zinaumiza figo. Parasetamoli inatosha, ila siyo usiku wa pombe nyingi kwa sababu ya ini.

Nyama nyingi na bia siku mfululizo huamsha jongo kwa mwenye asili nayo, na dawa za kukojoza huongeza hatari. Dalili ni kidole gumba cha mguu kuvimba, kuwa chekundu na kuuma usiku kiasi kwamba hata shuka haligusi. Ukiona hivyo nenda kituo cha afya, usikande.

Na kubwa kuliko yote: kimeta, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Kilimanjaro ni moja ya mikoa ambayo ugonjwa huu hujirudia. Mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi, hachunwi, haijalishi ni wa nani. Sikukuu nyama ikipigwa bei ya kutupa, uliza imechinjwa wapi na nani ameikagua. Kisusio (supu yenye damu) ni kitamu, ila damu ichemke mpaka iive kabisa. Maziwa yachemshwe, brusela, ugonjwa mwingine wa mifugo, inaambukizwa hapo.

Mtoto wa Useri

Asanteni sana, hapa ndipo nilipotaka. Maswali matatu. Moja, mazoezi ya nguvu nifanye na nini? Mbili, mvua zikiwepo barabara za ndani ni utelezi, nifanyeje? Tatu, nina watoto wawili, wa miaka 6 na 9, siku za mwanzo huwa wanaharisha.

Kocha wa Jioni

La kwanza: ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na madumu hayakosekani nyumba yoyote. Chuchumaa na ndoo moja umeikumbatia kifuani, mara 12. Pushapu miguu ikiwa juu ya kigoda, mpaka zimebaki mbili au tatu za kuweza. Kwa mgongo, ingia chini ya meza nzito ya mbao, shika ukingo, nyoosha mwili, jivute kifua kifike mezani, mara 8 hadi 10. Ijaribu kwanza, meza za plastiki za sherehe zitakuangukia. Mwisho shika madumu mawili, moja kila mkono, tembea mita 40 kwenye uwanja uliosawazika. Rudia mzunguko huo mara tatu, ni nusu saa. Mwenye presha asibane pumzi wakati wa kunyanyua, presha inaruka ghafla. Pumua nje unapojitahidi.

La pili: udongo wetu mwekundu ukilowa, raba ya lami haishiki. Usikimbie vichochoroni, nenda barabara ya lami ya Marangu–Tarakea. Kimbia upande unaoyaona magari yakija, na usitoke kabla ya saa 12 na nusu asubuhi. Jua linachomoza mapema kidogo ya hapo, na wiki hiyo kuna madereva waliokesha kwenye sherehe. Mvua ikigoma kukatika kabisa, kamba ya kuruka barazani: sekunde 30 kuruka, 30 kupumzika, mara 15.

Nesi wa Zamu

La tatu. Watoto wanywe maji yaliyochemshwa au ya chupa hata kama binamu zao wanakunywa ya mfereji. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya sinia, siyo kuchovya kwenye beseni moja ambalo watu kumi wameshanawa. Matunda wamenye wenyewe.

Beba pakiti za ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki. Pakiti zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikatwe usawa wa ukingo. Chumvi ikizidi ni hatari, pima. Zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, hata kuhara kukikoma mapema. Damu kwenye choo, macho kuingia ndani, au anatapika kila anachokunywa, usisubiri kesho.

Mtakapolala ukanda wa chini upande wa mpakani na Kenya, joto ni zaidi na mbu wapo, kwa hiyo beba neti yenye dawa. Nguo za baridi pia kwa ajili ya juu, usiku Desemba si kama Dar.

Sahani Nusu

Mleta uzi, siku yenye sherehe mbili amua mapema utakula wapi. Ya kwanza kula kamili, ya pili fika baada ya chakula kugawiwa, upeleke zawadi na ukae na wazee. Ukifungiwa nyama ya kwenda nayo, pokea, itakuwa kifungua kinywa cha watu wa nyumbani.

bandiko_fupi

Kocha, hiyo ya meza nimeijaribu sasa hivi sebuleni. Nane zimenishinda, nimefika tano.

Kocha wa Jioni

Kunja magoti, miguu iwe bapa chini, utafika nane. Ukizizoea nyoosha mguu mmoja, kisha wote.