Nyumba Broward, Florida: vioo vya kimbunga au shata?

Mzigua_Broward
Wakuu, salaam. Nimenunua nyumba ya mwaka 1978, ya chini, madirisha bado ni yale ya awali, kioo kimoja chembamba. Kontrakta wa kwanza anataka nibadili yote niweke vioo vya kimbunga. Wa pili anasema shata za alumini (vifuniko vya nje vya madirisha) zinatosha, na bei yake ni chini ya nusu. Jirani anapigilia plaiwudi tu, maisha yanaendelea. Kipi kinakubalika kisheria?

Fundi_Alumini
Mkuu, umeangukia penye masharti magumu kuliko kote Florida. Tangu kimbunga Andrew cha Agosti 1992, kaunti za Miami-Dade na Broward zina vipimo vyao. Dirisha linarushiwa ubao wa 2 kwa 4 wenye uzito wa paundi 9 (kama kilo 4) kwa kasi ya futi 50 kwa sekunde, kisha linasukumwa na kuvutwa kwa hewa mara nyingi mno. Kioo kupasuka ruksa, ila kisitoboke. Shata nazo hupigwa ubao uleule, kwa hiyo kisheria zote mbili sawa, mradi zina namba ya idhini, yaani ya kuonesha zimefaulu vipimo hivyo. Plaiwudi inatajwa kwenye kanuni ya jimbo kwa maeneo ya nje ya kaunti hizi mbili. Wewe uko ndani, isahau.

Mama_Zuu
Kaka, kabla ya bei jiulize nani atafunga hizo shata. Sisi tuna za paneli. Baba watoto ni dereva wa lori, kimbunga kikitangazwa yuko njiani, mimi na mama mkwe ndio tunabeba bati moja moja kutoka stoo. Kingo zinakata vidole, nati za mabawa zimeshika kutu, na joto la Septemba mnalijua. Ukimaliza, nyumba giza totoro, umeme ukikatika ni tanuri. Kama ni shata, chukua zile za kukunja zinazokaa ukutani muda wote, unavuta na kufunga.

mdau_Mafia
Naomba kuuliza. Huku Mafia kimbunga Hidaya kilitupitia Mei 2024. Vioo vigumu vya kwenye milango ya maduka havitoshi?

Fundi_Alumini
Havitoshi ndugu yangu. Hicho kikipigwa kinamwagika chote punjepunje, linabaki tundu. Cha kimbunga ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele cha gari. Kinapasuka lakini kinabaki kwenye fremu.

Hesabu_za_Upepo
Mnaongelea ubao tu, mgandamizo je? Kila dirisha lina namba mbili, ya kusukumwa ndani na ya kuvutwa nje. La karibu na kona ya nyumba huvutwa zaidi kuliko la katikati ya ukuta, hivyo kontrakta anayekupa namba moja kwa nyumba nzima mbane akuoneshe hesabu. Broward nyumba za kawaida hupigiwa hesabu kwa upepo wa maili 170 kwa saa. Nguvu hupanda kwa mraba wa kasi, maana yake hiyo ni mara nne ya upepo wa maili 85, si mara mbili.

Halafu nashangaa hakuna aliyeuliza mlango wa gereji. Ndio tundu kubwa kuliko yote. Ukibonyea, upepo unaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini huku wa juu ukilivuta. Mimi ningeanzia hapo, vioo baadaye.

Mzigua_Broward
Daah, wa gereji ni bati jepesi, hata mtoto anautikisa. Basi naanza na huo, vyumba vya kulala vioo, kwingine shata za kukunja. Nitakosa nini?

Mama_Zuu
Punguzo la bima, ukiacha hata tundu moja wazi. Mkaguzi wao anazunguka nyumba nzima, hadi mlango wa jikoni.

Fundi_Alumini
Na stika za kwenye vioo usizibandue kabla mkaguzi wa kaunti hajapita. Atasoma namba pale, kisha ataangalia skrubu: urefu wake, nafasi kati ya moja na nyingine, na umbali kutoka ukingo wa zege. Hapo ndipo wengi wanarudishwa.