Majirani wa Pugu 🌳

*Jumanne*

Katibu 19:02
Wapendwa, habari za jioni. Maneno ya ubao wa historia pale njia ya kuingilia sekondari yapite kabla ya Ijumaa, fundi anaanza Jumamosi. Ubao ni futi 8 kwa 4. Mistari 9, kila mstari herufi 40 hivi. Ikizidi hapo herufi zinashuka chini ya sentimita 7 na mtu wa bodaboda hasomi kitu.

Katibu 19:04
Rasimu: "Shule ya Sekondari Pugu. Ilitaifishwa 1961. Mwl. Nyerere alifundisha hapa mpaka 1955 alipofukuzwa. Chama cha TANU kilizaliwa hapa. Rais Mkapa alisoma hapa."
Jina la zamani nimelitoa kubana nafasi. Maoni?

Katibu 20:31
Jamani mko kimya. Naona tiki za bluu 14.

Dula 20:40
Ongeza mstari wa 10: "Foleni ya Gongo la Mboto ilianza hapa" 😂

Bi Mkubwa 20:41
😂😂😂

Katibu 20:42
Dula, siku hizi mbili tu nakuomba.

Mama Rama 21:15
Kabla ya mchango mpya, ile hela ya tanki iliishia wapi?

Katibu 21:16
Mama Rama, tusirudi huko.

Mama Rama 21:16
Nani kakwambia tulitoka?

*Jumatano*

Fundi Side 06:10
Bati ni jipya, lina zinki. Rangi ya mafuta ukiipiga moja kwa moja, baada ya miezi inabanduka magamba magamba. Lipanguswe kwa siki, lisuuzwe, likauke, praima ya bati, halafu rangi mikono miwili. Maandishi meusi. Mekundu jua linayala haraka.

Fundi Side 06:12
Na nguzo je? Shimo futi 2, zege moja mbili nne (saruji, mchanga, kokoto), lilale siku 7 huku mnalimwagia maji. Mkipachika ubao kesho yake, upepo wa kwanza unalegeza nguzo.

Katibu 06:30
Siku 7?? Mbona hukusema mapema.

Fundi Side 06:31
Hukuuliza nguzo, uliuliza rangi.

Dula 07:05
Hivi Nyerere si alifundisha Tabora?

Asha wa Bombani 07:20
Kote. St. Mary's Tabora kabla ya kwenda Edinburgh. Alirudi 1952, ndipo akaja Pugu kufundisha Historia.

Babu Said 11:48
Asalaam aleykum.
Ondoeni "alifukuzwa". Aliambiwa achague ualimu au siasa, akajiuzulu mwenyewe. Anayejiuzulu na anayefukuzwa si mtu mmoja.
TANU haikuzaliwa Pugu. Ilizaliwa mjini Dar es Salaam, 7 Julai 1954, ndiyo hiyo Saba Saba mnayopumzika. Rais wake wa kwanza, Nyerere, alikuwa bado mwalimu hapa, mnaweza kuandika hivyo.
1961 ni uhuru. Shule za misheni ziliingia mikononi mwa serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969.
Na jina la St. Francis' College lirudi, mstari wa kwanza. Wamisheni ndio walioijenga. Hatuli nyumbani kwa mtu kisha tukafuta jina lake mlangoni.

Asha wa Bombani 11:55
Shikamoo Babu. Nimekuelewa.

Mama Rama 12:01
Shikamoo Babu 🙏🏽

Katibu 12:20
Shikamoo Babu. Sawa, tunarekebisha. Ila sasa imekuwa mistari 11.

Asha wa Bombani 12:26
Mtoe Mkapa, uingie ule wa barabara.

Katibu 12:27
Wa barabara upi?

Asha wa Bombani 12:30
Ambao hukuuandika. Barabara ya Pugu ndiyo leo Barabara ya Nyerere. Mtu anatoka mjini kuelekea shuleni kwake juu ya jina lake. Na Elimu ya Kujitegemea ya 1967 je? Jembe lilikuwa somo kwenye shule zote.

Dula 12:33
Jembe liwekwe, Mkapa atasamehe 😅

Bi Mkubwa 12:50
Mkapa hatoki!

*Alhamisi*

Katibu 18:00
Kwa hiyo: St. Francis' ipo, 1969 ipo, "alijiuzulu" ipo. Mkapa au jembe, pigeni kura leo. Nguzo zinachimbwa kesho, ubao wiki ijayo. Saruji mfuko mmoja bado hauna mwenyewe.

Baba Jeni 22:47
Samahani nilikuwa safarini. Ubao gani?